Kikombe cha Kwanza Hunywa Dalali

Ukiuliza nani hupanga bei ya chai katika mnada wa Mombasa, wengi watakujibu papo hapo: mnunuzi. Pakistan ikinunua kwa wingi bei hupanda, Misri ikikosa dola bei hushuka, basi. Jibu hilo lina ukweli wake, ila limemruka mtu mmoja. Kabla mnunuzi hajatia kijiko kwenye bakuli, kuna aliyeonja kabla yake, akaandika maneno mawili matatu kuhusu chai ile, akaiwekea thamani kwa dola na senti, na namba hiyo ikasafiri pamoja na sampuli hadi Karachi, Cairo na London. Huyo ni dalali, anayeuza chai kwa niaba ya mwenye kiwanda. Mnunuzi anapofika mezani, ameshajua anatarajiwa aonje nini.

Kazi hii watu wengi hawaielewi, hata hapa mjini ambako chai hupita mbele ya macho yetu kila siku kwenye malori ya Shimanzi na Miritini. Mnada wenyewe ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969 kwa kuwa bandari ni hapa, na tangu 1992 chai inauzwa kwa dola ya Marekani. Mnada wa London ulipofungwa Juni 1998, mazoea mengi ya kuonja na kupanga chai yaliyokuwa ya kule yalikuwa yameshazoeleka huku zamani. Leo wanauza hapa Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Malawi na majirani wengine kadhaa. Jengo la mnada liko Barabara ya Nyerere, na siku za soko ni Jumatatu na Jumanne, ila tangu 2020 mauzo yamehamia kwenye mtandao, kwa hiyo usitegemee kusikia nyundo ikigongwa.

Tuanze na gunia. Kiwanda kikimaliza kukausha na kuchekecha, chai hugawanywa kwa ukubwa wa punje. Chembe kubwa ni BP1, inayofuata ni PF1, halafu PD, halafu D1 iliyo ndogo karibu na vumbi. Hizo nne ndizo gredi za kwanza. Chini yake kuna F1, D, BMF na wenzake, ambazo zimebeba nyuzi na vikonyo zaidi. Chai hujazwa kwenye magunia ya karatasi yenye tabaka kadhaa, ndani yakiwa na utando wa kuzuia unyevu, na uzito hutofautiana kwa gredi: gunia lilelile likijazwa BP1 huwa kilo sitini na kitu, likijazwa D1 hupita themanini, maana punje ndogo hushindiliana. Magunia ya gredi moja, yaliyotengenezwa pamoja, hukusanywa kuwa loti moja yenye namba yake na ankara yake. Loti hiyo hushuka Mombasa, huingia ghalani, sampuli hutolewa, na hapo dalali huanza kazi.

Dalali hafanyi kama tunavyofanya nyumbani, kutia majani kwa kukisia. Hupima. Kiwango cha kimataifa cha ISO 3103 kinasema gramu 2 kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka kweli, chungu kifunikwe, dakika 6 kamili, kisha chai imiminwe bakulini na majani yabaki kwenye kifuniko yaonekane. Nyumba nyingi za udalali zina vipimo vyao vinavyokaribia hapo, lakini kanuni ni moja: kila chungu kitendewe sawa na mwenzake. Vyungu hupangwa mstari mrefu, PF1 za viwanda mbalimbali zikifuatana, kila kimoja na trei ya majani makavu nyuma yake. Kwa chai yetu maziwa huongezwa, kwa sababu inakokwenda itanywewa na maziwa. Ni kidogo tu: kwa chungu cha mililita 150, maziwa ya mililita 2.5 yanatosha. Chai nzuri ikipata tone hilo hubadilika kuwa rangi ya dhahabu iliyokolea, karibu na nyekundu. Iliyofifia hugeuka kijivu, kama maji ya kusuuzia masufuria, na hapo huhitaji hata kuionja.

Muonjaji huangalia vitu vitatu kwa mpangilio. Kwanza majani makavu: ni meusi au yameelekea hudhurungi, punje zimeviringika au zimekuwa bapa, nyuzi zipo kiasi gani. Pili majani yaliyoloweka: yakiwa na rangi ya shaba mpya, kiwanda kilifanya kazi yake, yakiwa ya kijani, chai haikuchachuka vya kutosha (yaani haikuachwa hewani igeuke rangi kabla ya kukaushwa), yakiwa meusi yaliyozimika, ilichachuka kupita kiasi au majani yalichumwa makuukuu. Tatu ndiyo chai yenyewe. Huvutwa kwa kelele kutoka kwenye kijiko ili itapakae ulimi mzima na harufu ipande puani, kisha hutemwa. Anaonja mia kadhaa kwa siku, kwa hiyo kila kikombe kinapata sekunde chache tu.

Katika sekunde hizo kila kosa la kiwandani lina sahihi yake. Ladha ya kuungua hutokana na kikaushio kilichopandishwa joto kupita kiasi ili kazi iishe haraka msimu wa mavuno mengi. Harufu ya moshi inaonyesha kwamba mabomba ya kupashia hewa yametoboka na moshi wa kuni unaingia kwenye hewa ya kukaushia. Chai iliyolala, isiyoshika ulimi, mara nyingi ilikaa muda mrefu kwenye uchachushaji, au ilitoka kikaushioni ikiwa na unyevu mwingi. Kiwango kinachotakiwa mwishoni ni unyevu wa karibu asilimia 3, na ukikaribia 7 chai inaanza kuzeeka mbio na inaweza kuota ukungu. Harufu kama ya matunda yaliyoiva sana inatokana na bakteria kwenye mashine zisizooshwa. Dalali mzuri humpigia simu meneja wa kiwanda na kumwambia kosa na mashine, bila yeye mwenyewe kuondoka Mombasa.

Mpaka hapa anachofanya ni kupima. Ushawishi wake unaanzia kwenye hatua inayofuata.

Thamani anayoiandika katika katalogi, yaani orodha ya loti zitakazouzwa, haitoki kikombeni peke yake. Hutoka kwenye mambo matatu: kiwanda kile kiliuza gredi ile kwa bei gani soko lililopita, soko zima limeelekea wapi, na kikombe cha leo kimesemaje. Katika wiki ya kawaida, hayo mawili ya kwanza ndiyo hubeba uzito. Kiwanda kilichozoea kuuza PF1 kwa dola 3 kikileta chai mbovu kidogo, thamani itashuka senti chache tu. Kiwanda kilichozoea dola 2 kikileta chai bora kuliko ya mwenzake, thamani itapanda senti chache tu. Jina limeshapewa kiti chake. Chai za mashariki ya Bonde la Ufa, kuanzia Kiambu na Murang'a hadi Kirinyaga na Meru, kwa desturi hupata zaidi ya zile za Kericho, Bomet, Nandi na Kisii. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni ya haki: mwinuko, baridi inayochelewesha ukuaji wa jani, na namna ya kuchuma. Lakini sehemu nyingine ni kiti kilekile, na chai ya kiwanda cha magharibi kinachojitahidi inaweza kuwa na ladha sawa na ya mashariki miezi kadhaa kabla namba haijaikubali.

Sasa mtazame mnunuzi. Wakala aliye Mombasa hanunui kwa kichwa chake. Ana tajiri ng'ambo, na tajiri humpa kikomo: usipite kiasi fulani kwa loti hii. Kikomo hicho kinapangwaje? Tajiri ana sampuli mkononi na katalogi mezani, na katalogi ina namba. Hata akiamua dalali amepunja au amezidisha, anaamua kwa kuongeza au kupunguza kutoka kwenye namba hiyo. Hakuna anayeanza na karatasi tupu. Ukitaka kuona nguvu ya dalali, usitazame loti zilizouzwa kwa thamani yake kamili. Tazama zilizopita au kupungukiwa, uone ni ngapi zimetoka nje ya senti kumi kumi za ile namba. Zikiwa chache, jua soko limefuata mkono wake.

Na pesa za dalali je? Watu husema dalali anapandisha bei ili kamisheni yake ipande. Tupige hesabu. Chukua loti ya magunia 40 ya PF1, kila gunia kilo 68: hiyo ni kilo 2,720. Dalali akipigania senti 10 zaidi kwa kilo, mwenye chai anapata dola 272 za ziada. Tuseme kamisheni ni asilimia 1, kwa ajili ya hesabu tu. Dalali anapata dola 2 na senti 72. Lakini loti hiyo isipouzwa kabisa, ikiwa ni ya dola 2.50 kwa kilo, anakosa dola 68, na wiki ijayo itabidi aichapishe tena. Kwa hiyo haja yake kubwa ni loti itoke. Bei ya juu ni nyongeza tu. Ndiyo maana dalali mwenye akili huweka thamani pale mnunuzi atakapoona inafikika. Anatumikia muuzaji kwa mkataba, lakini riziki yake ya wiki ijayo iko kwa mnunuzi kurudi.

Dalali wa nyumba hapa mjini anaijua hesabu hiyohiyo, japo hana katalogi. Ukitafuta chumba Kisauni, cha kwanza atakachokuonyesha kina maji ya chumvi na choo cha shirika. Cha pili ni ghali kuliko mfuko wako. Cha tatu ndicho alichokukusudia tangu mlipoachana na bodaboda, na ukikifikia utashangaa mwenyewe jinsi kilivyo kizuri. Hakukudanganya neno hata moja; alipanga safari tu.

Katalogi nayo ni safari iliyopangwa. Loti zina mfuatano, na mnunuzi aliye na pesa za kontena tano hatasubiri loti ya mwisho kama ameshapata za kutosha mwanzoni. Loti iliyokosa mteja na kuchapishwa upya huonekana wazi kwamba imerudi, na swali la kwanza la kila mtu ni: ilikataliwa kwa nini? Pengine haikuwa na ubaya wowote isipokuwa kwamba mwenye chai alikataa kushusha bei wiki ile. Haidhuru, imeshapata doa. Na kweli, ikikaa, inaharibika: hewa ya pwani ina unyevu, na ghala la Mombasa wakati wa masika si mahali pa kuzeeshea chai. Majani yanavuta maji na yanavuta harufu. Chai ikilazwa jirani na sabuni, ngozi au viungo, dalali wa wiki ya tatu ataandika kwamba imebeba harufu ya kigeni, na atakuwa amesema kweli.

Zamani, mauzo yalipokuwa ukumbini, dalali alikuwa na silaha nyingine: sauti. Aliweza kuharakisha loti iliyochangamkiwa, akajikokota kwenye ile inayosuasua, akamtupia jicho mnunuzi anayejua hupenda kiwanda fulani. Skrini imeiondoa silaha hiyo. Wapo waliotarajia kwamba hapo dalali atapungukiwa nguvu. Nionavyo mimi, imekuwa kinyume. Ukumbini mnunuzi aliwaona wenzake, akasikia minong'ono, akabadili mawazo. Mbele ya skrini anabaki na sampuli yake na namba ya dalali. Sauti za kushindana na namba hiyo zimepungua.

Kuna wakati mmoja ambapo namba ya dalali ilinyamazishwa, na matokeo yake yanaeleza mengi. Julai 2021 chai ya viwanda vya wakulima wadogo chini ya KTDA, shirika linalovisimamia, iliwekewa bei ya chini kabisa ya dola 2.43 kwa kilo. Nia ilikuwa kumlinda mkulima, na kwa chai bora haikudhuru kitu kwa sababu zilikuwa zikipita hapo. Shida ilikuwa kwa chai ambayo mnunuzi aliiona ni ya dola 1.80 au 2. Dalali hakuweza tena kuiandika anavyoionja. Mnunuzi akaona chai dhaifu na chai ya wastani zimevaa bei moja, akachukua ya wastani au akavuka kwenda kwa chai ya Uganda, na ile dhaifu ikabaki. Maghala yakajaa, tena zaidi kwa chai za magharibi, na kadiri zilivyokaa ndivyo zilivyozidi kupoteza uhai wake. Bei ile ya chini ikaja kuondolewa. Ninachojifunza pale ni kwamba kazi ya dalali inayotumika zaidi na kusifiwa kidogo zaidi ni kutenganisha. Ukimzuia asiseme hii ni duni, mnunuzi hataamini unaposema ile ni bora.

Lakini kutenganisha kwa vigezo gani? Hapa ndipo mimi nina ugomvi na udalali.

Vigezo vinavyotawala chumba cha kuonjea cha Mombasa ni vya mtu anayetaka rangi haraka. Mfuko wa chai wa Uingereza hukaa kikombeni dakika moja au mbili, kwa hiyo unahitaji punje ndogo inayotoa rangi upesi. Chai ya maziwa ya Pakistan huchemshwa hasa, kwa hiyo inahitaji uzito wa kushindana na maziwa na sukari. Mashine za CTC, zinazokata, kurarua na kusokota jani likawa punje, zinatengeneza kitu hichohicho. Chai inayong'aa, inayouma ulimi kidogo, yenye punje nyeusi safi: dalali anaijua, ana neno lake na ana mnunuzi wake. Ripoti yake hurudi kiwandani, meneja anapunguza au kuongeza dakika za uchachushaji, anakaza rola, anabana uchekechaji, ili wiki ijayo maneno yawe mazuri zaidi. Baada ya miaka mingi ya ripoti hizo, karibu chai yote ya Kenya ni ya aina moja.

Mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa chai ya Kenya ilitoa mche wa TRFK 306/1, chai ya zambarau, yenye kiasi kikubwa cha rangi zile zinazopatikana kwenye zabibu nyeusi na matunda mengine ya zambarau. Wakulima walihimizwa kupanda. Chai yake ina rangi hafifu, na ukiitia maziwa inapoteza hata hiyo rangi. Iweke kwenye mstari wa vyungu vya PF1, ipe tone la maziwa, na uone muonjaji atakavyoiandika: nyembamba, imefifia. Kwa vigezo vyake yuko sahihi kabisa. Chai ile ilihitaji kikombe kisicho na maziwa, maji yasiyochemka sana, na mnunuzi mwingine kabisa, na mnada haukuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Waliofanikiwa nayo waliuza moja kwa moja kwa watu wa nje wanaotafuta chai maalumu. Wengine wakabaki na mashamba yenye majani ambayo kiwanda cha jirani hakiyataki. Vivyo hivyo kwa chai ya majani marefu yaliyoviringwa bila kukatwa: inatengenezwa, inauzwa, lakini kila kiwanda kinachoijaribu kinagundua kwamba kutengeneza ni nusu ya kazi, na nusu nyingine ni kumpata dalali anayejua kuieleza.

Kwa upande wa pili, Rwanda imeonyesha kwamba kigezo kilekile kinaweza kumfaa mgeni. Chai yake ni CTC kama yetu, gredi ni zilezile, na mara nyingi ndiyo inayoongoza mnada kwa wastani wa bei. Uchumaji makini wa majani mawili na chipukizi, milima ya baridi, na ubora usioyumba wiki hadi wiki. Hilo la mwisho ndilo linalompendeza dalali kuliko yote, maana namba ya wiki iliyopita inakuwa ya kuaminika, na mnunuzi wa ng'ambo anaweza kutoa kikomo kikubwa bila hofu.

Sasa tuje kwa mnunuzi mdogo, mwenye mtambo wa kufungasha pakiti za gramu 50 na 250 kwa maduka ya hapa pwani. Huyu ndiye anayeyumbishwa zaidi, kwa sababu huazima vigezo vya wanunuzi wakubwa ambavyo havimhusu.

Mwenye kibanda cha chai Mwembe Tayari anachotaka ni rangi inayokaa baada ya maziwa mengi na nusu saa kwenye chupa. Hajali kama majani yaliyoloweka yana rangi ya shaba. Kwa mteja huyo, D1 nzuri au hata D ya kiwanda cha bei ya kati itatenda kazi kuliko BP1 ya jina kubwa, na kwa pesa pungufu. Mwenye kuuza mkandaa, chai isiyo na maziwa, yenye tangawizi na iliki, anahitaji kitu kingine: chai safi isiyo na uchungu wa kuungua, maana hakuna maziwa ya kuuficha. Kwa hiyo kabla ya kufungua katalogi, andika kwenye karatasi chai yako itanyweka vipi. Ukishafungua, ni katalogi itakayokuandikia.

Sampuli zikifika, mwombe mtu mwingine afunike majina na ayape herufi. Pima gramu 2 kwa mililita 100, dakika 6, halafu tengeneza tena kwa njia ya mteja wako: chemsha na maziwa nusu kwa nusu, iache kwenye chupa nusu saa, uonje. Panga zako kuanzia bora hadi duni. Hapo ndipo ufunue majina na thamani za dalali. Utakuta sehemu mnakubaliana, na sehemu ambayo yeye ameipa namba ndogo na wewe umeiweka juu. Hizo ndizo loti zako. Wanunuzi wakubwa watazipita kwa sababu kikombe chao si chako.

Kisha pima ujazo, jambo linalosahaulika sana. Mimina gramu 100 kwenye bomba la kupimia, ligonge taratibu juu ya meza mara chache, soma mstari. Fanya hivyo kwa chai uliyozoea kufungasha, na kwa sampuli mpya. Ikiwa mpya imejaa zaidi, pakiti zako hazitafunga vizuri na mashine itamwaga. Ikiwa imeshuka chini, pakiti itaonekana nusu tupu, na mteja dukani atasema umempunja, hata mizani ikisema gramu ziko kamili. Dalali hawezi kukuambia hili maana kipimo cha pakiti yako hakijui.

Chukua kiganja cha chai, iminye, iachie. Ikishikana imevuta unyevu. Tandaza kijiko kimoja kwenye karatasi nyeupe, piga kwa kidole upande mmoja. Nyuzi nyepesi zitatangulia mbele na utaona kama ni chache au ni zulia. Muulize dalali tarehe ya kutengenezwa kwenye ankara, na kama loti imeshachapishwa awali, mara ngapi, na ilifikia bei gani kabla ya kuondolewa. Haya si maswali ya kumkera. Ni taarifa anazo, ila hatazitoa bila kuulizwa. Mwombe pia bei za kiwanda hicho kwa gredi hiyo kwa masoko manne yaliyopita. Ukizipanga pamoja utajua kama thamani ya wiki hii imetoka kikombeni au imeburutwa tu kutoka wiki iliyopita.

Ukishanunua, usitupe sampuli ya awali. Itie kwenye mkebe uliofungwa, uandike namba ya loti. Mzigo ukitoka ghalani, chomoa kiasi kutoka magunia matano au sita, ya juu, ya katikati na ya chini ya palati, changanya, pika vyungu viwili ubavu kwa ubavu. Vikitofautiana, simama hapohapo kabla lori halijaondoka, piga simu kwa dalali na utaje gunia gani. Magunia ya chini huwa ndiyo yenye matatizo, hasa kama palati iliwekwa karibu na mlango mvua za Mei zikinyesha, na ukishayapeleka kwako na kuyachanganya kwenye pipa la kuchanganyia huna tena la kumwonyesha.